Viatu vya Kiitaliano au viatu vya Italia? Jibu kwa muuza viatu wa Dar

Swali la leo limetoka kwa msomaji anayeuza viatu vya kiume mtandaoni, yuko Dar, naliweka kama lilivyokuja: "Mwalimu shikamoo. Tangazo langu niliandika hivi, TRENDI ZINAZOKUJA! Viatu kali vya Kiitaliano vya kiume na aksesoriz zake, kolekisheni ya vuli na kipupwe. Mteja mmoja akanijia juu kwamba natapeli watu, eti viatu vimetoka Guangzhou. Mi najua Kiitaliano ni staili tu. Nani yuko sahihi hapo? Na hicho Kiswahili kiko sawa? Mzigo mkubwa unatoka China, mwingine nachagua mtumba Karume, na pea chache kaka yangu ananiletea kutoka Italia kabisa."

Marahaba kijana wangu. Kwa sarufi uko sahihi wewe, ila mteja naye hajakosea kukasirika, na ngoja nieleze kwa nini yote mawili yanawezekana kwa wakati mmoja.

Hiyo ki- iliyokaa mbele ya Kiitaliano kazi yake ni kutaja namna, jinsi kitu kilivyo au kinavyofanywa. Mtu akikwambia amejenga nyumba ina choo cha kizungu hakuna anayeuliza kama kililetwa kwa meli kutoka Ulaya, na kuku wa kizungu wametotolewa hapahapa Kibaha wala hawajawahi kumuona mzungu. Kanzu ya Kiomani, ile isiyo na kola halafu ina kishada kinaning'inia shingoni, fundi wa Zanzibar anaishona vizuri tu na inabaki kuwa ya Kiomani kwa sababu ya huo mkato wake na hicho kishada. Ndo maana hata wewe unasema viatu vya kiume, yaani viatu vya namna ya wanaume, na dada akivaa anavaa tu na jina halibadiliki. Kwa hiyo viatu vya Kiitaliano, kwa sarufi tupu, ni viatu vya namna ya Waitaliano, popote vilikoshonwa.

Sasa mbona mteja kakasirika? Kwa sababu kwenye biashara neno halisomwi na sarufi peke yake, linasomwa na bei. Choo cha kizungu hakipandi bei kwa kutoka Ulaya, ila kiatu kinapanda, tena kinapanda sana, na muuzaji anajua hilo ndo maana neno Italia linawekwa mbele kabisa ya tangazo. Msomaji akiona Kiitaliano pembeni ya bei kubwa anaelewa Italia ndo ilikotoka, na hapo siwezi kumlaumu. Mi naona mtu anayetangaza kitu cha kuuza ana wajibu zaidi ya kuwa sahihi kisarufi, inabidi ajue mwenzake atasikia nini. Ukitaka kubaki na mtindo tu basi liseme lenyewe: viatu vya mtindo wa Kiitaliano. Neno mtindo likishaingia pale hakuna tena wa kukujia juu.

Zile pea za kaka yako ni kitu kingine, hizo ziite viatu vya Italia, au afadhali zaidi viatu vilivyotengenezwa Italia, na kama unaujua mji utaje. Kiungo -a na jina la nchi kinataja mahali, chai ya Mufindi, karafuu za Pemba, na ukisema karafuu za Pemba wakati zimetoka kwingine huo ni uongo, na huwezi tena kujificha kwenye ki-. Viatu vya kiume vya Italia vingi vinatoka mkoa wa Marche, miji kama Montegranaro, Fermo na Civitanova Marche, huko viwanda vya viatu vimejaa, familia kwa familia. Na ujue Waitaliano wenyewe wana mzozo huohuo wako na mteja wako. Sheria za Ulaya zinakipa kitu uraia wa mahali kilipofanyiwa kazi kubwa ya mwisho, kwa hiyo sehemu ya juu ya kiatu inaweza kushonwa Albania au Romania au Tunisia, ikaja kuunganishwa na soli Italia na kikaandikwa kimetengenezwa Italia bila shida. Mwaka 2009 wakatunga sheria kwamba anayetaka kuandika cha Kiitaliano kwa asilimia 100 basi ubunifu, mpango, utengenezaji na ufungaji wote uwe umefanyika ndani ya nchi. Wao wametumia bunge kutofautisha, sisi lugha imeshatupa ki- na -a, tuzitumie tu vizuri.

Hapohapo niseme kuhusu mtumba wa soko la Karume maana hili linanikera kweli. Watu wanageuza kiatu wanakuta soli imepigwa muhuri Vero Cuoio wanasema hii ndo kampuni, tena ya Italia, na wengine wanaandika kabisa kwenye tangazo "Vero Cuoio orijino". Jamani hayo ni maneno ya Kiitaliano na maana yake ni ngozi halisi, basi. Vera Pelle pia ni hivyohivyo. Yanakwambia soli au kiatu kimetengenezwa na nini, hayakwambii kimetengenezwa wapi na wala sio jina la mtu. Ukiyakuta andika "soli ya ngozi halisi", hilo ni kweli na mteja atalielewa.

Na mtindo wenyewe una vitu vyake sio jina tupu, kwa hiyo vitaje. Kiatu cha Kiingereza kwa kawaida ni kizito, soli nene, kimeshonwa na ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo, wakati kile cha Kiitaliano kinapenda wepesi, ngozi laini, soli nyembamba inayokunjika, na vingi vinashonwa kwa uzi mmoja unaopita moja kwa moja kutoka soli ya ndani hadi ya nje. Ushonaji huo unaitwa Blake, jina la Mmarekani Lyman Blake aliyepata hatimiliki ya mashine yake mwaka 1858, na hata ile moka maarufu ya Gucci ya mwaka 1953, yenye kachuma pale juu ya mguu, inatokana na viatu vya kutumbukiza mguu vya Marekani. Unaona sasa, mtindo wenyewe unasafiri, ndo maana lugha ikautengea ki- yake mbali na mahali.

Kwenye picha zako nimeona hiyo moka yenye kachuma, umeandika "moka ya chuma". Si vibaya, ila hicho kachuma ni mfano wa kile kipande anachotiwa farasi mdomoni na Kiswahili kina jina lake, lijamu. Moka ya lijamu. Fupi, zuri, na limo kwenye kamusi siku zote, mi ningefurahi sana kuliona madukani. Zile zenye manyuzinyuzi yananing'inia ni moka za vishada, kishada kilekile cha kanzu.

Viatu kali je? Mtaani inaeleweka lakini kiatu ni ngeli ya ki-vi, kwa hiyo viatu vikali. Ukisema moka kali au raba kali hapo uko sawa kabisa kwa sababu hayo maneno yako ngeli nyingine isiyodai kitu mbele ya kali. Nadhani ndo kosa lilipoanzia, watu wamezoea raba kali wakaihamishia kwenye viatu.

Haya, trendi zinazokuja. Neno trendi silikatai, limeshaingia na lina kazi, ila angalia kazi gani. Kwetu kitu kinatrendi maana yake kinavuma sasa hivi, leo, kila mtu anakiposti. Kikishatrendi kimeshafika, na wahenga walishasema ngoma ikivuma sana hupasuka, kwa hiyo trendi inayokuja ni kama kusema uvumi wa kesho, msomaji anakwama kidogo hapo. Sema mitindo inayokuja. Mitindo ijayo nayo ni sahihi, ila ijayo imezoea kukaa na wakati, wiki ijayo, mwaka ujao, inataja kinachofuata kwenye foleni, wakati inayokuja inaonyesha kitu kimeshang'oa nanga kiko njiani. Na kwenye fasheni ya wanaume ndivyo ilivyo kweli, maana kule Firenze kuna maonyesho ya Pitti Uomo, yapo tangu 1972, yanafanyika Januari na Juni, yale ya Juni yanaonyesha nguo za majira ya joto ya mwaka unaofuata. Maonyesho ya viatu ya Micam kule Milano ni Februari na Septemba, nayo vilevile yanatangulia. Mtindo umeshachorwa, umeshaonyeshwa, oda zimeshawekwa, bado tu kufika dukani. Inayokuja inafaa kabisa.

Na kinachokuja ni nini? Kwa misimu ya karibuni nilichoona ni raba za soli nyembamba zinachukua nafasi ya zile nene kama tofali, moka laini zisizo na bitana ndani, rangi ya kahawia kuliko nyeusi, na ngozi ya swedi kila mahali, hiyo ngozi iliyosuguliwa upande wake wa ndani mpaka inatoa vinyweleo laini. Kuna pia friulane, viatu vya mahameli vya kule Friuli na Venezia ambavyo zamani soli zake zilikatwa kwenye matairi ya baiskeli. Sisi wenye katambuga za matairi ya gari hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Hiyo swedi ndo inanileta kwenye kosa kubwa kuliko yote kwenye tangazo lako, maana hili linaweza kumtia mteja hasara. Umeandika kolekisheni ya vuli na kipupwe. Najua ulikolitoa, tumefundishwa darasani kwamba majira ya Ulaya ya majani kupukutika ni vuli na ya baridi ni kipupwe. Lakini mtu wa Dar akisikia vuli anasikia mvua, zile fupi za Oktoba mpaka Desemba, na kipupwe ni ubaridi wetu wa Juni hadi Agosti wakati wa kusi. Sasa baridi ya Milano ni Desemba na Januari, huku kwetu ni kaskazi, joto mpaka godoro linatoa jasho. Mteja akisoma moka za vuli anaamini ni za kuvaa kwenye mvua, ananunua swedi, inanyonya maji siku ya kwanza ya mvua pale Jangwani, na pea imekwisha. Andika msimu wa baridi wa Ulaya, au kama hutaki kirefu acha msimu kabisa, maana huku kwetu moka ni moka mwaka mzima.

Aksesoriz. Hapa watu wanapenda neno moja la kukusanya vyote na yapo ya kuchagua, mapambo, vikorombwezo, wengine vikorokoro. Mapambo kwa wanaume wengi linasikika la kike, vikorokoro linashusha thamani ya mali yako mwenyewe, vikorombwezo ndo naliona linafaa, ni kile kinachoongezwa ili kitu kikolee. Ila kwenye tangazo mi ningevitaja tu vyenyewe: mikanda, tai, skafu, soksi, miwani, pochi, leso ya mfuko wa koti, vifungo vya mkono wa shati. Mteja anatafuta mkanda, akiandika mkanda kwenye simu yake akukute, hatakukuta kwenye aksesoriz. Na kile kifungio cha chuma cha mkanda kina jina, bizimu, ukiuza mkanda wa bizimu nyembamba ya shaba unamwambia mteja kitu anachoweza kukiona hata kabla ya picha haijafunguka. Wateja wako wa Kenya, kama wa Mombasa, watasema mshipi badala ya mkanda, weka yote mawili.

Basi mzigo wako uugawe mara tatu, tena kwa maneno tofauti. Wa Guangzhou: "Moka za mtindo wa Kiitaliano, soli nyembamba, ngozi laini." Wa Karume: "Mtumba gredi ya kwanza, soli ya ngozi halisi", na kama ndani ya ulimi wa kiatu pameandikwa nchi piga picha hapohapo uiweke. Za kaka yako zipe tangazo lao peke yake, "Viatu vilivyotengenezwa Italia", mji kama unajulikana, namba ya kiatu, na bei yake ya kweli hata kama ni mara nne ya zile nyingine. Na yule mteja aliyekujia juu mtumie hilo la tatu kwanza.