Seti ya kwanza ya kutengenezea bia: usinunue picha ya boksi

Seti yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Boksi lilikuwa na picha ya glasi imejaa bia, povu linamwagika, nami nikaishia hapo. Ndani nikakuta ndoo, kopo la kimea kizito mfano wa asali, kipakiti cha hamira na karatasi ya maelekezo. Karatasi ikasema vipovu vikikoma kwenye kizibo cha hewa, kile cha mfunikoni kinachotoa gesi, bia imeiva, itie chupani. Siku ya sita vikakoma, nikatia. Wiki mbili baadaye, saa nane usiku, chupa ya kwanza ikalia paa! jikoni. Hadi kunakucha zilikuwa zimepasuka nne.

Kumbe hamira haikuwa imemaliza kula sukari. Usiku kadhaa wa baridi uliifanya ilale, na mimi nikaifungia chupani pamoja na ile sukari ya kutilia gesi. Joto liliporudi ikaamka, na gesi haikuwa na pa kutokea.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza anunue seti gani, nami humuuliza: ina haidromita? Ni kibomba cha kioo kinachoelea kama boya la ndoana, kikipima uzito wa bia ukilinganishwa na maji: sukari ikipungua, namba inashuka. Hicho ndicho kitakachokuambia ukweli. Kabla ya kutia hamira kinaweza kusoma 1.045, bia ikiiva kinashuka hadi karibu 1.010. Namba ikibaki ileile siku tatu mfululizo, tia chupani. Toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131, unapata kileo: hapo ni kama asilimia 4.6. Vipovu usivisikilize. Mfuniko ukilegea kidogo tu gesi hupitia pembeni, na bia inachachuka vizuri bila kipovu hata kimoja.

Kisha ndoo. Kwa lita 20 za bia ninataka ndoo ya lita 30 hivi, maana povu la siku mbili za mwanzo hupanda kwa fujo. Ikiwa na koki chini, heri, ila hakikisha koki inafunguka vipande vipande. Yangu ilificha uchafu kwenye nyuzi zake na bia yote ikawa chachu kama siki. Mitungi ya kioo inapendeza, lakini ikijaa na mikono ikiwa na sabuni, mimi simo.

Seti za lita 4 au 5 zina wateja wake. Nafasi ikiwa finyu, chukua. Ila ujue utasugua, utatakasa na kusubiri karibu sawa na mwenye lita 20, halafu uvune chupa kumi.

Angalia tarehe ya hamira, hasa ile iliyofichwa chini ya kifuniko cha kopo. Kama imekaa sana, nunua kipakiti kingine. Soma pia inataka joto gani. Hamira ya lager halisi, bia inayochachushwa kwenye baridi, hupenda nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, maana yake utafute friji ya ziada. Ya ale, bia inayochachushwa kwenye joto zaidi, hutulia kwenye 18 hadi 22, na mtu anayeanza aanzie huko. Dawa ya kutakasa vyombo isiyohitaji kusuuzwa nayo iwemo. Aproni na glasi zenye nembo ni mapambo ya kupandishia bei.

Kuhusu chupa, kila nikitengeneza huwa naweka moja ya plastiki, iliyotoka na soda, katikati ya zile za kioo. Kila asubuhi naibinya. Ikishakuwa ngumu kiasi cha kukataa kidole, nafungua moja ya kioo nionje. Gesi ikitosha, zote zinaingia kwenye friji.