Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Nyepesi ya Kupandia Milima

SWALI: Habari fundi. Nataka kununua baiskeli ya barabarani kwa ajili ya milima tu, tambarare hainisumbui. Nimebaki na mbili kichwani. Ya kwanza fremu ya kaboni, kilo 7.2, mbele gia za meno 52 na 36, nyuma 11 mpaka 28. Ya pili ya alumini, kilo 8.6, mbele 50 na 34, nyuma 11 mpaka 34. Mi nina kilo 74, mlima ninaoupanda una urefu wa kilomita 9, wastani wa mwinuko wake ni asilimia 8 lakini kuna mahali unafika 12, na hapo ndo magoti yananiuma hadi nashuka nasukuma. Wenzangu wote wanasema kaboni, we unasemaje?

JIBU: Chukua ya alumini, na nakwambia hivyo bila kusita kwa sababu we mwenyewe umeshataja ugonjwa wako: magoti, na pale kwenye asilimia 12. Huo sio ugonjwa wa uzito wa baiskeli, ni ugonjwa wa gia.

Tuanze na uzito maana ndo unaowachanganya watu. Mlima haupimi baiskeli peke yake, unapima wewe, baiskeli, nguo, viatu na chupa za maji, na kwako hiyo jumla ni kama kilo 85. Tofauti ya baiskeli zako ni kilo 1.4, yaani haifiki hata asilimia 2 ya mzigo wote. Tuseme unapanda mlima wako kwa dakika 50, kwa nguvu ileile, baiskeli nyepesi itakuokolea kama sekunde 45 hivi. Kwa mtu anayeshindana sekunde 45 ni nyingi sana, sikatai, lakini wewe unashuka njiani unasukuma na hapo unapoteza dakika sio sekunde. Alafu ujue hata wakubwa wana kikomo, UCI, yaani shirikisho la kimataifa la baiskeli, tangu mwaka 2000 hawaruhusu baiskeli ya mashindano ya barabarani iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo hiyo yako ya 7.2 tayari iko jirani na za mabingwa, na bado magoti yangeuma.

Sasa twende pale kwenye asilimia 12. Kwa nguvu zako hapo utakuwa unaenda kama kilomita 7.5 kwa saa. Tairi ya milimita 28 ikizunguka mara moja inasogea mita 2.1 na kidogo. Ukiwa na ile ya kaboni gia yako laini kabisa ni 36 kwa 28, yaani meno 36 mbele na 28 nyuma, na kwa mwendo huo miguu itazunguka kama mara 46 kwa dakika, yaani kila kanyagio unalisukuma kwa uzito wa mwili mzima, unaanza kuyumba kushoto kulia, unasimama kwenye pedeli, mapigo ya moyo yanapanda na goti ndo linabeba kila kitu. Ya alumini ina 34 kwa 34, pedeli ikizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja, mwendo uleule miguu inafika karibu 59 kwa dakika. Bado ni pole pole lakini unabaki umekaa, unapumua, na ukifika juu una miguu ya kuendelea nayo.

Kama moyo umeshaangukia kaboni, basi muulize muuzaji kabla hujalipa kama gia zinabadilika. Nyuma sio suala la kuchomeka gia kubwa tu, angalia ule mkono unaoning'inia unaopitisha cheni, ukiwa mfupi mara nyingi unaishia meno 28 au 30, ukitaka 34 unahitaji mkono mrefu na cheni ndefu zaidi. Akikubali kukubadilishia vyote hivyo kabla haijatoka dukani, hapo na mimi nageuka, chukua kaboni.

Na usisahau kipimo cha mwili! Baiskeli nyepesi isiyokufaa inauma kiuno kuliko nzito inayokutosha, na kwenye mlima unakaa muda mrefu bila kubadilisha mkao. Pia uzito wa kwenye tangazo mara nyingi ni bila pedeli, kwa hiyo beba mizani yako ndogo ya kutundikia. Ukipata hela baadaye, anza na tairi nzuri laini na tyubu nyepesi, alafu rimu. Kuna wanaosema gramu moja kwenye rimu ni sawa na mbili kwenye fremu, hiyo ni kweli unapoongeza mwendo ghafla, ila ukipanda kwa mwendo mmoja gramu ni gramu tu popote ilipo.

SWALI: Fundi, nimepata fremu ya kaboni iliyotumika, nyepesi kweli, rangi bado inang'aa. Nitajuaje kama haijapasuka ndani?

JIBU: Rangi isikudanganye. Ioshe kwanza, alafu ipeleke kwenye mwanga mkali na upitishe kucha taratibu pale bomba la usukani linapoungana na fremu, kuzunguka ekseli ya pedeli, na chini pale cheni inapoangukia. Ukihisi mstari unaokwaruza kucha, usikubali kuambiwa ni rangi tu mpaka fundi wa kaboni aone. Chukua sarafu ugonge gonge kidogo kidogo kwenye bomba zima, mlio uwe mkavu na mkali, ukifika mahali ukawa mzito ghafla simama hapo uchunguze, ingawa unene wa bomba nao unabadilisha mlio kwa hiyo linganisha upande wa kulia na wa kushoto. Foki, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, itolewe kabisa, usikubali kuiangalia ikiwa imefungwa, maana shingo yake ndo inabeba kifua chako ukiteremka mlima kwa kasi. Mwisho mwambie muuzaji achomoe bomba linaloshikilia kiti mbele yako. Bomba la alumini ndani ya fremu ya kaboni likikaa muda mrefu na jasho bila girisi yake maalum linaganda, na wengi wameharibu fremu wakilichomoa kwa nguvu. Likigoma kutoka, mwachie fremu yake.