Mama ana matatizo matatu, daktari anataka moja

*Swali*

Assalamu alaykum. Mama yangu ana miaka 63, tunakaa Konde. Ana presha na anatumia dawa tangu mwaka jana. Mwezi uliopita nilimpeleka kituo kimoja cha kulipia, Chake. Mlangoni pamebandikwa karatasi: "Tatizo moja kwa kila mgonjwa." Mama akaeleza kichwa kinavyomuuma. Alipotaka kutaja kikohozi kisichomwacha na miguu inayovimba jioni, akaambiwa aje siku nyengine, alipie upya. Nauli imekwenda na siku nzima imepotea. Daktari ana haki hiyo? Na sisi tufanyeje?

Binti, Konde

*Jibu la muuguzi mstaafu*

Wa alaykumu ssalamu, mwanangu. Nianze na kikohozi cha mama, karatasi ya mlangoni itafuata.

Hukuitaja dawa yake ya presha. Itazame pakiti. Ikiwa imeandikwa enalapril, captopril au lisinopril, dawa hizo zinajulikana kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Ikiwa ni amlodipine, hiyo nayo huvimbisha vifundo vya miguu. Sisemi ndiyo yaliyompata mama. Miguu huvimba pia kwa moyo au figo, na kikohozi kina sababu nyingi. Wala asiache dawa kwa kusoma hapa, presha ikipanda ghafla ni hatari. Lakini unaona jambo lilivyo: huenda yale matatu yote yanatoka kwenye presha na dawa zake, na aliyesikia la kichwa peke yake atampa panadoli na kumrudisha Konde na kikohozi chake.

Ndiyo maana karatasi ile siikubali hata kidogo. Inamtaka mgonjwa ayahesabu maradhi yake mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi aliyoisomea daktari. Mwenye kisukari anaweza kuja analalamika kukojoa usiku, nyayo kuwaka moto, macho kuona ukungu na kidonda kisichopona. Kwake yeye ni mambo manne, kumbe maradhi ni hayo hayo.

Daktari namwelewa. Nimekaa miaka mingi upande ule wa meza, naijua foleni inayofika hadi nje, kina mama na watoto mgongoni, na wewe hujapata hata maji ya kunywa. Hata Uingereza, ambako miadi ya daktari wa kawaida kwa desturi ni dakika 10, zipo zahanati zilizobandika tangazo kama hilo. Lakini kusikiliza hakuli muda kama tunavyodhani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 ulionesha madaktari wakimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 hivi. Baadaye, huko Uswisi, madaktari waliambiwa wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe, na kwa wastani wagonjwa walimaliza kwa sekunde 92. Dakika moja na nusu, mwanangu!

Kwa hiyo daktari ana haki ya kuupanga muda wake. Akiyasikia yote kisha akasema, "Leo tushughulikie presha, miguu tuitazame wiki ijayo," hapo ametenda sawa, kwa kuwa amechagua akijua anachokiahirisha. Kukataa kusikia ni jambo jengine kabisa. Na ada ya kurudi iulizwe mapema, pale dirishani, kabla hamjatoa pesa.

Mkirudi, mama asianze kusimulia kichwa kilivyoanza siku ya arusi ya nani. Akikaa tu aseme: "Daktari, nimekuja na mambo matatu: kichwa, kikohozi, miguu kuvimba. Niambie tuanze na lipi." Ukihofia atasahau, muandikie kwenye kikaratasi. Chukueni pakiti zote za dawa, na kama kuna majani anayachemsha nyumbani, myataje pia bila ya kuona haya.

Hapa niseme na wanawake wenzangu. Wengi wetu hutanguliza kichwa au mgongo, na lile linalotunyima usingizi tunalificha, khasa daktari akiwa mwanamme. Nimewaona wakilitaja wameshainuka, mkono uko kwenye kitasa: "Na damu pia inanitoka kidogo, dakta." Mwanamke aliyekwisha koma hedhi, miaka imepita! Hilo lilistahiki kuwa la kwanza, maana damu ya namna hiyo lazima ichunguzwe, isije ikawa saratani. Kama mama ana jambo la siri, omba aonane na daktari au nesi wa kike, lakini litajwe mwanzo.

Na kama kikohozi kimeshapita wiki 2, msingoje tena miadi ya Chake. Mpeleke kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nanyi, mwambie nesi muda kilichokaa, apimwe makohozi kwa kifua kikuu. Kipimo hicho na matibabu yake hamtatozwa pesa.