Kaburi la Lamu lenye 1300: ni mwaka gani?

Ndugu, 1300 uliyoikuta kwenye kaburi la babu yenu ni mwaka wa Hijria, kalenda ya Kiislamu iliyoanza mwaka 622 wa Miladi. Usijumlishe 622 moja kwa moja ukapata 1922, utapotea karibu miaka arubaini. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, mfupi kuliko wa Miladi, kwa hiyo zidisha kwanza 1300 kwa 0.97, ndipo ujumlishe 622: 1883. Mwaka huo ulianza Novemba 1882, basi mwezi ukisomeka uandike. Piga picha ya maandishi asubuhi au alasiri, jua likimulika kwa ubavu. Chaki usipake!

Katika kufuatilia ukoo, mtego mkubwa ni majina: mjukuu hupewa jina la babu, Ali bin Muhammad bin Ali, ukawafanya wawili mmoja. Nakili vizazi vitatu pamoja na ukoo. Hati za mirathi kwa kadhi zitafuata. Mashangazi wazee waulize kwanza.