Ukoka wako umelala, usiung'oe!

Juzi dada mmoja wa Dallas kaniandikia: "Kaka, nyasi zote zimekuwa rangi ya makuti makavu. Fundi anataka kuzing'oa. Nimpe hela?"

Dada, usimpe. Mimi nilimpa wa kwangu, na mpaka leo inaniuma.

Nimekulia Morogoro, ambako ukoka ukikauka unajua ni kiangazi, mvua ikinyesha umerudi. Winta ya kwanza kwenye nyumba yangu hapa Atlanta, umande uliganda usiku mara mbili tatu, uwanja mzima ukapauka. Mtu wa bustani akaja, akapiga nyasi teke, akasema zimekufa. Akazichimba zote, akatandika mpya zilizokatwa kama mikeka. Mwezi wa nne nikaona kando ya uzio, pale jembe lake lisipofika, ncha za kijani zinatoboa majani makavu. Ukoka wangu wa zamani! Nilichuchumaa pale muda mrefu, nimeshika risiti kichwani.

Udongo ukipoa hadi nyuzi 10 hivi za Selsiasi, ukoka huacha kukua na majani hupoteza ukijani. Uhai unabaki kwenye mashina yanayotambaa na yale ya chini ya ardhi, yenye akiba ya wanga. Vuta kidogo: ukigoma kung'oka, kuna matumaini. Kwangua shina kwa ukucha: ndani kukiwa keupe na kubichi, uko hai.

Mbolea ya naitrojeni ikome wiki 6 hivi kabla ya baridi kali. Winta ikiwa kavu sana, mwagilia kidogo. Basi! Usitie mbolea kuuamsha; utalisha magugu. Subiri udongo ufike nyuzi 18 hivi, nyasi ziwe kijani zenyewe, ndipo utie. Narudia, usitie mbolea mapema.

Na jamani, huu ukoka ni wa kwetu. Tifway, aina ya ukoka iliyotolewa mwaka 1960 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Tifton hapahapa Georgia, ni mtoto wa ukoka wa kawaida na ukoka wa Afrika Kusini. Sasa majirani zangu wananiuliza mimi! Tatizo letu huku ughaibuni ni kulipa haraka ili tusionekane washamba. Tuache. Uliza kwanza, ndugu yangu, hela ya zamu za usiku haiokotwi.

Dada, kesho asubuhi nenda pale kwenye kona uliyosema imepauka kuliko zote. Kwangua shina moja, lipige picha, nitumie kabla fundi hajaja.