Waliandamana kwa ajili ya George Floyd, au walitaka kupora tu?

SWALI: Hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, tumebishana mno juu ya ghasia za Marekani za mwaka 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd. Wenzangu wanasema walioingia barabarani walikuwa wahuni waliotafuta mwanya wa kupora. Ukweli ni upi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, uporaji ulikuwapo, na usiku wa tarehe 28 Mei kituo kimoja cha polisi cha Minneapolis, mji alikouawa Floyd, kilichomwa moto, lakini sehemu kubwa ya maandamano yale ilikuwa ya amani, na wenzako wanakianza kisa katikati. Siku tatu kabla ya moto huo, Floyd, mtu mweusi aliyeshukiwa kutumia noti bandia ya dola 20, alilazwa chini akiwa na pingu, na askari mzungu, Derek Chauvin, akamkandamiza shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika 9, huku wapita njia wakimsihi amwachie. Taarifa ya kwanza ya polisi haikulitaja goti hilo kabisa; ilisema tu kwamba mtuhumiwa alionekana kuwa na tatizo la kiafya. Kama msichana wa miaka 17 asingelirekodi tukio hilo kwa simu, huenda uongo huo ungebaki kuwa kumbukumbu rasmi, na kwangu mimi hapo ndipo penye uchungu kuliko pengine pote.

Tena, watu weusi walikwisha kuona kwamba hata picha hazitoshi. Mwaka 1991 askari wa Los Angeles walirekodiwa wakimpiga Rodney King, dereva mweusi; mwaka uliofuata baraza la mahakama halikumtia hatiani hata mmoja wao, na zaidi ya watu 50 wakafa katika machafuko yaliyozuka.

Simtetei aliyechoma duka, kwani mengi yaliyoungua Minneapolis yalikuwa ya wahamiaji wanyonge. Hata hivyo, Chauvin alitiwa hatiani Aprili 2021, akafungwa miaka 22 na nusu, na siamini kwamba kesi hiyo ingefika huko bila umati ule. Nchi za Afrika nazo hazikunyamaza: Juni 2020, zikiwakilishwa na Burkina Faso, zilidai mjadala wa dharura katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva, na mjadala huo ukafanyika.