Imegoma, imeganda, imekatika

Mvua zikianza, simu yangu ya gereji hapa Mwanga, Kigoma, hujaa jambo moja tu: bolti zisizofunguka. Najibu zile zenye faida kwa wengi.

Shikamoo fundi. Pikapu yangu inabeba chumvi kutoka Uvinza. Nabadili bushi za springi za nyuma. Nati zimetoka, ila bolti inazunguka pamoja na kibomba cha ndani cha bushi na haitoki. Nimegonga kutwa nzima.

Marahaba. Weka nyundo chini, umeshaigonga ya kutosha.

Chuma kikiliwa na kutu kinanenepa, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Ndani ya kibomba cha bushi hakuna pa kunenepea, kwa hiyo bolti na kibomba vimebanana kama kabari na gogo. Maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye mzigo wako yanaharakisha kazi hiyo. Mafuta ya kupenya hayatafika katikati ya urefu ule, na moto wa gesi utauwasha mpira wa bushi huku tangi la mafuta liko jirani. Nimeshaona mtu akikimbia na ndoo ya mchanga kwa sababu hiyo.

Mimi hapo nakata. Pandisha gari, weka stendi chini ya chesisi (si mawe, si magogo), kisha jeki nyingine ishike ekseli ili springi isibaki na nguvu ya kuruka. Pitisha diski nyembamba ya grainda kati ya springi na sikio lake, upande huu na upande ule. Bushi unazibadili hata hivyo, na bolti mpya haifikii thamani ya siku uliyopoteza. Ukifungua na yubolti (zile bolti zilizopindwa kama U zinazobana springi kwenye ekseli), nunua mpya. Zile zikishakazwa mara moja zimeshavutika, usizirudishe. Halafu kila ukishusha chumvi, mwagia gari maji ya bomba kwa chini. Wengi huosha bodi linalong'aa na kuacha chesisi ile chumvi.

Fundi, kwetu Ujiji mawese hayakosekani. Naweza kuyatumia kulegezea bolti?

Mawese yaache kwenye maharage na migebuka. Umeyaona alfajiri ya mwezi wa sita yalivyoganda kwenye chupa? Kitu kinachoganda hivyo hakiwezi kupenya kwenye uwazi mwembamba kuliko unywele. Mafuta ya kazi hii sharti yawe mepesi. Usipokuwa na ya dukani, dizeli inasaidia kiasi. Bora zaidi changanya nusu asetoni na nusu hidroliki ya gia ya otomatiki. Tikisa kila unapotumia kwa sababu vinajitenga, na weka mbali na moto.

Ila mafuta ni nusu ya dawa. Kwanza safisha uzi unaoonekana nje kwa brashi ya waya, maana kutu ile ndiyo itakayoingia kwenye nati wakati inatoka. Tia mafuta. Gonga kichwa cha bolti mara kumi hivi, kwa adabu, kama unabisha hodi kwa wakwe, ili mtikisiko uivunje kutu na mafuta yapate njia. Rudia jioni, rudia asubuhi. Siku ya pili chukua soketi ya pembe sita, siyo ya kumi na mbili inayokula kona, na uanze kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikitoa sauti ya *kriii*, umeshinda: rudisha nusu, endelea robo, tia mafuta, rudisha tena. Ukiona inakwenda kimya na mkono unahisi kama unavuta mpira, simama hapo hapo. Haifunguki hiyo, inajinyonga, na hatua inayofuata ni kukatika.

Fuso yetu ipo Kasulu. Nati za tairi za kulia zimefunguka vizuri, za kushoto tumevunja spana mbili. Tuchome moto?

Msichome! Rimu ikipata moto huku tairi lina upepo, tairi linaweza kupasuka na kuua mtu.

Angalieni kwenye ncha ya stadi (ile bolti isiyo na kichwa ambayo nati hukazwa juu yake) au kwenye nati kama kuna herufi L. Malori mengi ya Kijapani yana uzi wa kinyume upande wa kushoto, kwa hiyo muda wote mmekuwa mkikaza. Kama mna baiskeli hapo, fungueni pedeli ya kushoto mtaelewa: ni mtindo ule ule. Zungusheni kulia, kama mnavyokaza nati ya kawaida, na itafunguka. Kwa jinsi mlivyozivuta, stadi zikaguliweni kabla gari halijabeba mzigo.

Habari za kazi fundi. Nina Noah, nilipata pancha njiani nikashindwa kufungua nati hata moja. Kijana wa tairi alikuwa ameikaza kwa kusimama juu ya spana.

Salama dada, pole sana. Nati za Noah zinataka nyutoni-mita 103. Kijana wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 40 anatia kama 275. Anadhani anakusaidia. Siku nyingine mwambie akaze kwa mkono, kwa mtindo wa msalaba, kisha uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwenye buti weka kipande cha bomba la chuma cha mita moja kinachoingia kwenye mkono wa spana. Ukipatwa, legeza tairi likiwa bado chini na hendibreki imevutwa, ndipo upige jeki.

Shikamoo mwalimu. Najifunza ufundi Kazuramimba. Stadi ya eksozi imekatikia kwenye silinda hedi, imebaki kama milimita tano nje. Bosi hajajua.

Marahaba mdogo wangu. Mwambie leo, kabla hujagusa kitu kingine. Mimi nikiwa mwanafunzi nilikata moja kama hiyo, nikaificha, nikajaribu kuitoa kwa ile nondo ya uzi wa kinyume inayoingizwa kwenye tundu la drili. Ikakatikia ndani. Nondo ile ni ngumu, drili haiili. Kosa la stadi moja likawa kazi ya kushusha hedi nzima, na mshahara wa mwezi ule sikuuona.

Milimita tano ni bahati. Toa waya hasi wa betri. Chukua nati inayopita kwenye kisiki kwa ulegevu kidogo, ishikilie, na fundi wa kuchomelea ajaze moto ndani ya nati mpaka ishikane na kisiki. Moto huo wenyewe ni dawa: stadi inataka kupanuka, inabanwa, ikipoa inasinyaa na kutu inaachia. Subiri wekundu uishe, gusisha mshumaa kwenye mzizi ili nta inyonywe ndani, kisha tikisa kwa spana kulia na kushoto, nukta kwa nukta. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Nimewahi kufika ya nne ndipo ikakubali.

Plagi zitolewe injini ikiwa ya moto au baridi?

Baridi. Uzi wa hedi ya aluminiamu ukiwa na moto ni laini, utatoka na plagi.

Wakati wa kufunga nipake grisi kila mahali?

Grisi haina mzaha. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani 1916, lakini mafundi wao walishaipaka injini grisi nene. Ilipoinuliwa 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi ziwani.

Lakini kila mahali, hapana. Bolti za chesisi na za bushi, paka. Stadi za eksozi zinataka grisi ya shaba, ya kawaida itaungua wiki ya kwanza. Pini za breki zinazogusa mpira zinataka ya silikoni, kwa sababu grisi ya petroli huvimbisha mpira. Na nati za tairi ziache kavu: uzi wenye grisi utakazwa kupita kiasi hata kwa nguvu ile ile ya mkono. Paka kiduchu tu kwenye hab pale rimu inapokaa, usije ukaanza kupiga tairi mateke ili litoke.